Maswali ya maumbo: weusi ni wa umbo au wa mahali?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Najitayarisha na usaili wa kazi, na kwenye karatasi za mazoezi kuna maswali ya maumbo: la kwanza kwa la pili ni kama la tatu kwa lipi? Hili limenishinda. La kwanza ni mraba mkubwa mweupe wenye duara dogo jeusi ndani. La pili ni duara kubwa jeupe lenye mraba mdogo mweusi ndani. La tatu ni pembetatu kubwa nyeupe yenye nyota ndogo nyeusi. Nilichagua nyota kubwa nyeusi yenye pembetatu nyeupe ndani, maana nyota ilikuwa nyeusi tokea mwanzo. Jawabu lao ni nyota nyeupe yenye pembetatu nyeusi. Kwa nini? Na nikibaki na majawabu mawili nichague vipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Wa alaykumu salaam mwanangu. Kwamba la nje na la ndani yamebadilishana nafasi umeliona vizuri. Kilichokuponyoka ni rangi. Lifuate duara peke yake: lilikuwa jeusi, lilipotoka nje likawa jeupe. Ufuate na mraba: ulikuwa mweupe, ulipoingia ndani ukawa mweusi. Weusi haukuhama na duara. Ni wa mahali, na kinachoingia ndani ndicho kinachoupata.

Ndiyo maana nawahimiza vijana waulize sifa moja moja: umbo, ukubwa, rangi, mahali, mwelekeo, idadi. Kila moja, je, imebadilika au imebaki? Kilichobaki kina uzito ule ule wa kilichobadilika, na wengi hawakiangalii. Kisha sema kanuni kwa sentensi moja, majawabu ukiwa umeyafunika kwa kiganja. Nasisitiza kuyafunika, kwa sababu majawabu ya uongo hutungwa yafanane na la kweli, yakapishana nalo kwa sifa moja tu. Ukiyatazama mapema yatakuchagulia wewe.

Ukibaki na mawili, tamka kanuni ya kila moja. Mara nyingi moja itadai nyongeza: "isipokuwa hapa rangi…" Iache hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Thomas Evans, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitunga programu ya kompyuta ya kutatua maswali ya namna hii hii. Ilieleza kwanza kila mchoro kwa sehemu zake na uhusiano wao (ndani ya, juu ya, kushoto kwa), ikatafuta kanuni ya kutoka la kwanza kwenda la pili, halafu ikachagua jawabu linaloibakisha kanuni hiyo karibu nzima. Wewe fanya hivyo hivyo kwa penseli.

Pana mtego mwengine hukuuliza, lakini utakutana nao: kuzungusha na kugeuza kama kwenye kioo. Andika herufi F, uizungushe karatasi juu ya meza utakavyo. Hutaipata F ya kwenye kioo mpaka uigeuze karatasi na kuitazama kwa nyuma kwenye mwanga. Duara halikwambii kitu hapa, wala mraba uliozungushwa nyuzi 90. Tafuta nukta au mkia ulio upande mmoja, uufuate huo. Umbo likiwa na pande zinazolingana, kuzungusha na kugeuza huweza kutoa mchoro mmoja. Basi shika kanuni zote mbili, uzijaribu kwenye umbo la tatu.

Sasa lirudie swali lako, ila la tatu liwe pembetatu nyeusi yenye nyota nyeupe ndani. Ukisema "cha ndani lazima kiwe cheusi", utapata nyota nyeupe yenye pembetatu nyeusi. Ukisema "kila mahali pamebaki na rangi yake", nyota itatoka nje ikiwa nyeusi na pembetatu itaingia ndani ikiwa nyeupe. Mimi ningejibu hili la pili: rangi za nje na ndani hazikuguswa, vilivyohama ni maumbo tu.