Gitaa la Dewey lilitoka wapi? Jibu kwa mhariri chipukizi kuhusu muziki wa Scream 2

SWALI: Shikamoo kaka. Nasomea uhariri wa picha, niko mwaka wa pili. Filamu ya kutisha ya Scream 2 nimeitazama mara nyingi sana, na nimegundua kwamba kila anapoingia Dewey, yule polisi anayechechemea, kuna gitaa zito linapigwa taratibu. Nikaitafuta albamu ya filamu hiyo: ina nyimbo 15, gitaa halimo. Juzi nimetazama Broken Arrow ya John Travolta, nikalisikia gitaa lile lile, hata noti haijabadilika. Je, mtunzi wa Scream 2 aliiba? Na kwa nini halimo kwenye albamu? Nauliza pia kwa shida yangu. Filamu fupi ninayoihariri niliiwekea muziki wa filamu nyingine kwa muda tu, sasa mwongozaji wetu hataki kabisa niutoe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Masikio yako hayakukudanganya. Ni gitaa lile lile, na hata rekodi ni ile ile. Lakini hakuna aliyeiba. Muziki ule ulitumika kwa kibali, na mtunzi wa Scream 2, Marco Beltrami, ndiye aliyepoteza nafasi kwa sababu yake. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa shida yako na yake ni moja.

Broken Arrow ilitoka mwanzoni mwa 1996, ikiongozwa na John Woo. Muziki wake ni wa Hans Zimmer, na gitaa lile la sauti nene linapigwa na Duane Eddy, Mmarekani aliyejulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mtindo huo huo wa kuzivuta nyuzi za chini zikaacha mwangwi. Wimbo ulitungiwa uhusika wa Travolta, rubani mwovu anayeiba mabomu ya nyuklia. Ukisikiliza bila kuangalia picha, utasikia mtu anayejiamini, asiye na haraka, tena peke yake. Sasa uchukue muziki huo umwekee Dewey, mtu mwema mwenye mguu mbovu na mkono uliokufa ganzi kwa majeraha ya filamu ya kwanza. Ghafla yule mchechemeaji anapata heshima ya shujaa wa filamu za kauboi. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kumbuka ratiba. Scream ya kwanza ilitoka tarehe 20 Desemba 1996, ya pili ikaingia kumbini tarehe 12 Desemba 1997. Hata mwaka haukutimia. Ndani ya muda huo Kevin Williamson aandike, Wes Craven apige picha, wahariri wakate, na muziki, ambao siku zote hukaa mwisho wa foleni, upate siku zilizobaki. Wahariri hawawezi kukata picha kwenye ukimya kwa miezi wakimsubiri mtunzi, tena kuna maonyesho ya majaribio mbele ya watazamaji kabla filamu haijakamilika. Kwa hiyo huweka muziki uliopo tayari, wa filamu nyingine, ili kushikiza.

Fundi cherehani anayo kazi kama hiyo. Kabla hajashona gauni, hupiga bandi: nyuzi ndefu za kushikizia vitambaa ili mteja ajaribu, kisha bandi zinafumuliwa. Muziki wa kushikizia ni bandi za filamu, umewekwa ili ufumuliwe. Ila kitambaa hakina masikio, na mwongozaji anayo. Akishausikia mara mia mbili pamoja na picha zile zile, haoni tena mshono, anaona gauni limekamilika. Beltrami alikuwa ameshamtungia Dewey muziki wake tangu filamu ya kwanza, nao pia una harufu ya filamu za kauboi alizozitungia muziki Ennio Morricone, gitaa na vumbi. Katika ya pili sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilichukuliwa na Zimmer. Bandi zikabaki kwenye gauni.

Mimi kisa hiki kinanigusa. Beltrami alikuwa kijana, mwanafunzi wa mtunzi mkongwe wa muziki wa filamu, Jerry Goldsmith, kule Los Angeles, na Scream ndiyo iliyomtoa. Sauti ile ya mwanamke anayeimba bila maneno kwa ajili ya Sidney, mhusika mkuu, ni utunzi wake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozipa filamu hizi moyo, maana bila hiyo tungebaki na kinyago na kisu tu. Sijasema gitaa la Zimmer ni baya mahali pale. Ninachosema ni kwamba sikio lililozoea halimpi mgeni nafasi ya kusikilizwa.

Si Beltrami peke yake. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alibaki na muziki wa kushikizia, kazi za okestra na kwaya zilizokuwepo tayari, katika 2001: A Space Odyssey, na muziki ambao Alex North alikuwa ameshamtungia ukaachwa wote.

Sasa albamu. Wewe ulitafuta muziki wa filamu ukakuta nyimbo, na watu wengi hukwama hapo. Filamu kama hii hutoa vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja ni albamu ya nyimbo, hii yako ya 15, iliyotolewa na kampuni ya Capitol Novemba 1997, wiki chache kabla ya filamu. Kazi yake ilikuwa kuwafikia vijana redioni na madukani: Master P, Foo Fighters, Everclear, Collective Soul, Dave Matthews Band. Baadhi ya nyimbo hizo kwenye filamu zinasikika kidogo tu nyuma ya mazungumzo. Kitu cha pili ni muziki wa okestra uliotungwa kufuata picha. Huo ulitoka 1998 kupitia kampuni ya Varèse Sarabande, CD moja kwa filamu mbili, na urefu wake wote ni kama nusu saa. Siku zile muziki uliorekodiwa na okestra ya wanachama wa chama cha wanamuziki cha Marekani kwa ajili ya filamu ulihitaji malipo mapya kwa wapigaji ukitaka kuuuza kama albamu, na malipo yalipanda kadiri dakika zilivyoongezeka. Ndiyo maana CD nyingi za aina hiyo za miaka ya 1990 ziliishia karibu na dakika 30.

Gitaa lako halimo katika yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa ni mali ya nyumba nyingine. Litafute kwenye albamu ya Broken Arrow yenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Milan, kipande kinaitwa "Brothers".

Kabla sijafika kwenye filamu yako, nataka urudi kwenye ile albamu ya nyimbo, kuna somo la kanuni humo ambalo chuoni hufundishwa harakaharaka. D'Angelo anaimba wimbo wa Prince. Jon Spencer Blues Explosion wanapiga wa Dr. John wa 1973. Less Than Jake wanapiga "I Think I Love You", wimbo wa Partridge Family wa 1970. Na kwenye filamu yenyewe, wimbo huo huo wa mwisho mwigizaji Jerry O'Connell anauimba kwa mdomo wake, amesimama juu ya meza kwenye bwalo la chuo, akimwimbia Sidney. Kwa nini hawakutumia tu rekodi za zamani?

Kila wimbo uliorekodiwa una milango miwili. Wa kwanza ni utunzi: melodia na maneno. Wa pili ni ile rekodi: sauti ile, siku ile, studio ile. Sheria yetu ya Tanzania ya 1999 imeitenganisha hata kwa jina, Hakimiliki na Hakishiriki. Kuweka rekodi ya zamani kwenye filamu kunahitaji funguo zote mbili, na mara nyingi zinashikwa na watu tofauti, kila mmoja na bei yake. Mwigizaji akiimba mwenyewe mbele ya kamera, au bendi ikirekodi upya, unahitaji ruhusa ya utunzi tu, na rekodi mpya inakuwa na mwenye wake mpya, ambaye anaweza kuiuza kwenye albamu. Lile tukio la bwaloni linachekesha na kugusa moyo, lakini kimkataba pia ni jepesi kuliko kucheza rekodi ya 1970. Sijui kama wewe uliliona hivyo. Ukishajua milango miwili, utaanza kutazama filamu kwa jicho lingine.

Sasa ya kwako. Muziki uliouweka una milango yote miwili imefungwa, na kwa muziki wa filamu kubwa funguo kwa kawaida ziko mikononi mwa studio. Kuwaandikia si dhambi, ila panga ukijua kwamba jibu linaweza kuwa kimya. Ukiacha muziki ule bila kibali, filamu itaonyeshwa darasani, itafika mtandaoni itazimwa sauti au kuondolewa, na tamasha lolote makini litakuuliza karatasi za muziki kabla ya kuipokea.

Najua mwongozaji wako anachosema: "Mwingine hautatoshea." Anasema kweli, tena kuna sababu ya hesabu. Wewe ulikata picha juu ya muziki ule. Tuseme una mapigo 96 kwa dakika. Mapigo manane yanachukua sekunde 5 kamili, kwa hiyo bila kujijua umeweka mikato yako kila sekunde 5, au kila sekunde mbili na nusu. Mtunzi mpya akileta mapigo 90, manane yake yanachukua sekunde 5.33. Mkato wako sasa unakuja theluthi moja ya sekunde kabla ya pigo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni kama fremu nane. Jicho halijui kimetokea nini, ila mwili unajua, na mwongozaji atasema muziki mpya hauna nguvu. Kumbe si muziki, ni mikato iliyofungwa kwenye saa ya mtu mwingine.

Nimewahi kuingia mtego huu. Tulikuwa na filamu ya dakika ishirini na kitu, nikaishikiza kwa muziki mzito wa okestra kubwa, tukaitazama hivyo wiki sita. Mtunzi wetu, kijana mwenye kipaji kikubwa, akaleta kazi mara tatu na mara tatu tukamrudishia. Mara ya nne aliuliza kwa upole, "Mnataka muziki wa filamu hii, au mnataka ule?" Kosa lilikuwa langu. Niliondoa muziki wote, nikakata upya matukio mawili kwenye ukimya, na kile alichokuwa ameleta mara ya pili kikakaa pale pale.

Kwa hiyo anza kwa kuzima. Utoe muziki kwenye taimlaini usiku huu, kisha mwite mwongozaji mtazame filamu nzima na sauti za mazungumzo na mazingira peke yake. Itawauma. Mtaona matukio yaliyokuwa yakibebwa na muziki ilhali yenyewe hayajasimama, na hayo ndiyo ya kurekebisha kwa mkasi. Jipeni siku tatu au nne bila kuusikia ule muziki hata kwenye simu. Mkihitaji kushikiza tena, tumieni vipande vitatu tofauti kwa zamu, au kazi za awali za mtunzi mtakayemchukua, ili sikio lisioe kimoja.

Kisha uliza swali ambalo wahariri wa Scream 2 hawakuwa na muda wa kuliuliza: muziki ule tuliupendea nini? Usijibu "mzuri". Labda ni kwa sababu unaingia kwa kuchelewa, baada ya mtu kumaliza kusema. Labda ni ala moja tu na hewa nyingi kuizunguka. Gitaa la Dewey linafanya kazi kwa sababu liko peke yake na linatembea polepole kama yeye. Hayo mawili yanaweza kutimizwa na zeze, na udi, na hata na mtu anayepiga mluzi, bila kugusa noti moja ya Zimmer. Mpe mtunzi maelezo ya namna hiyo, na wala usimpe ule wimbo aufananishe. Akiufananisha sana mnaweza kujikuta mmeuiga utunzi, na mlango wa kwanza bado umefungwa.

Pia tazama tena sehemu za Scream 2 ambazo nguvu yake haianzii kwenye muziki. Kuna tukio kwenye studio ya sauti ya chuo, Gale, yule mwandishi wa habari, na Dewey wako pande mbili za kioo kisichopitisha sauti, na muuaji anatokea nyuma ya Dewey. Hofu yote iko kwenye kutosikika. Na mwanzo kabisa wa filamu, kwenye ukumbi wa sinema, watazamaji wanapiga kelele kwa furaha kiasi kwamba mtu anachomwa kisu katikati yao wakidhani ni mchezo. Inawezekana sehemu moja ya filamu yako inayokusumbua haihitaji mtunzi kabisa.

Ukishampata mtunzi, andikeni mkataba hata kama ni rafiki na hata kama hamlipani: rekodi ni ya nani, utunzi ni wa nani, na filamu inaweza kuonyeshwa wapi na kwa muda gani. Mpelekee picha iliyofungwa, isiyokatwa tena, yenye saa ya fremu juu ya picha, mazungumzo upande wa kushoto na sauti za mazingira kulia ili aweze kuzima moja. Na hakikisha nakala hiyo haina ule muziki.