Kola ya shoti kwa mbwa mkaidi: nichukue ipi?

SWALI: Daktari, salamu. Nakaa Bamburi na nina mbwa dume wa miaka miwili, chotara wa German Shepherd, kilo 32. Geti likifunguliwa tu anachomoka kufukuza bodaboda. Nikimwita "njoo" hata shingo hageuzi, lakini akisikia sahani yake anakuja mbio, kwa hivyo najua ni ukaidi tu. Nimeonyeshwa kola mbili za rimoti. Moja ni shilingi 3,500, ina viwango 100 vya shoti na imeandikwa inafika mita 800. Nyingine bei yake ni mara tano. Muuzaji anasema mbwa mkaidi anataka shoti kali, na hiyo ya bei rahisi ndiyo kali zaidi. Nichukue ipi?

JIBU: Hiyo ya 3,500 iache. Muuzaji amekwambia kweli bila kukusudia: ni kali, na hiyo ndiyo ila yake. Kola ya aina hii hukaguliwa kuanzia viwango vya chini. Kiwango cha kufanyia kazi ni kile ambacho mbwa anachezesha sikio tu, au anageuza kichwa kana kwamba inzi ametua shingoni. Akilia au akiruka, umeshapitiliza. Kola nzuri hupanda kwa hatua ndogo ndogo, na namba 12 ya leo ndiyo 12 ya kesho. Hizi za rahisi mara nyingi namba zake ni pambo: unapanda mpaka 14 hakuna kitu, ukigusa 15 mbwa anapiga yowe. Ijaribu kwenye mkono wako mwenyewe, upande wa ndani chini ya kiwiko, namba moja moja, kwanza ngozi ikiwa kavu, halafu ikiwa imelowa. Ukiona huthubutu kuijaribu, usimvishe mbwa.

Kisha tazama pini mbili zinazogusa ngozi. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ziwe za kufunguka ili ubadilishe urefu. Manyoya ya shepherd ni mazito, kwa hivyo anahitaji pini za kama sentimita 2. Fupi zinaishia kwenye manyoya. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Kola imelegea, pini hazigusi, mwenye mbwa anabonyeza haoni kitu, anapandisha. Anabonyeza tena, anapandisha. Mbwa anainamisha kichwa, pini zinakaa sawasawa, na ile namba 60 inamwingia yote kwa mkupuo. Kola ikae juu shingoni, karibu na masikio, na kidole kimoja kiingie kwa shida chini yake.

Sasa ukiibana hivyo ukaisahau, shingo inaoza. Vidonda viwili vya mviringo ninavyoletewa watu huviita "kuungua na stima." Karibu kila mara si stima. Ni pini kukandamiza ngozi pahali pamoja kutwa nzima, damu haipiti, na unyevu wetu wa Pwani unamalizia kazi, hasa mvua za masika ambapo manyoya hayakauki. Isizidi saa 8 kwa siku, isogeze kila baada ya saa moja au mbili, usiku ivue, na kila jioni futa shingo na pini kwa kitambaa chenye maji safi. Ukiona wekundu, ivue mpaka ngozi ipone kabisa.

Kuhusu maji, alama ya IPX7 maana yake ni kuzama mita moja kwa nusu saa, na kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi. Ukimpeleka ufuoni akaogelea, suuza kola kwa maji ya bomba papo hapo, la sivyo chumvi itakula sehemu ya kuchajia. Zile mita 800 ni za uwanja mtupu. Kwenye mitaa yenye kuta za matofali ya matumbawe na zege usitegemee hata nusu yake.

Hayo ndiyo ya kola. Lakini jibu langu kwako ni usinunue yoyote kwa sasa, na sababu ni hilo neno ukaidi.

Umeniandikia mwenyewe kwamba akisikia sahani anakuja mbio. Basi anasikia, anaelewa, na anakuja akijua kuna faida. Sahani haijawahi kumdanganya. "Njoo" je? Kwa mbwa wengi wa geti, "njoo" maana yake ni mnyororo, kufungiwa au kofi. Wewe ungekuja? Neno hilo hajafunzwa. Amelisikia tu likipigwa kelele mgongoni mwake akiwa tayari barabarani. Kola haiwezi kumkumbusha kitu ambacho hakijui.

Tena kufukuza kunajilipa kwenyewe. Mbwa anabweka, bodaboda inaondoka, kila siku, bila kukosa. Kwa hesabu yake ameshinda. Ukibonyeza rimoti wakati huo, hajui maumivu yametoka mfukoni mwako. Mbele yake kuna gurudumu na mguu wa abiria, na hivyo ndivyo anavyoviunganisha na uchungu. Kuna mbwa ambaye kesho ataogopa pikipiki, na kuna ambaye kesho atang'ata. Huwezi kuchagua utapata yupi. Na ukichelewa sekunde mbili, jambo la kawaida kwa mtu anayehangaika na geti na rimoti kwa pamoja, shoti inamkuta ameshageuka kurudi kwako. Umemwadhibu kwa kutii.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, wa mbwa 63 wenye shida kama ya wako, yaani kutokuja wakiitwa. Wengine walifunzwa kwa kola ya umeme na wafunzaji waliopendekezwa na watengenezaji wa kola wenyewe, wengine kwa tuzo. Wa tuzo walitii amri ya kwanza zaidi na kwa haraka zaidi. Wales walikwisha kupiga kola hizi marufuku tangu 2010.

Kwa hivyo fanya hivi. Anza na geti, kwa sababu kila mbio anazotoka zinafuta wiki ya mafunzo. Fundi wa kuchomelea vyuma akutengenezee kizuizi cha pili ndani, hata cha wavu, ili geti kubwa likifunguka mbwa akute kingine kimefungwa. Kisha nunua kamba bapa ya mita 10 na mkanda wa kifuani. Usiifunge shingoni, akifika mwisho wa kamba kwa kasi ataumia. Chemsha maini bila chumvi, kata vipande vya ukubwa wa njegere.

Fanya asubuhi kabla jua halijawaka na kabla hajala. Ndani ya ua, ukiwa mita 2 tu, sema "njoo" mara moja. Akifika mpe kipande, mguse ukosi, mwachie aende tena. Huko kumwachia ndiko watu husahau, na ndiko kunakomfunza kwamba kuja si mwisho wa raha. Mara kumi zatosha, asubuhi na jioni. Asipokuja usirudie neno. Mvute polepole kwa kamba, na kesho punguza umbali. Akija bila kusita mita 10, toka nje na kamba, simama mbali na barabara pale ambapo anaitazama bodaboda lakini bado anaweza kukutazama wewe, pengine mita 30 au zaidi. Kila pikipiki ipite, "njoo," maini. Sogea mita chache kila baada ya siku kadhaa. Hesabu ya kweli ni wiki sita hadi nane. Anayekuahidi siku tatu anakuuzia mbwa aliyeogopa. Ukiona ananuka sikio au anatikisa kichwa, mlete kwanza. Kupe na usaha wa sikio nimeshaviona vikiitwa ukaidi.

Linalonitia hasira zaidi ni hawa wanaojiita wafunzaji wanaochukua mbwa wiki moja na kumrudisha "amenyooka." Ni ndugu wa wale wanaopaka oili chafu ya gari kwenye upele: ukiona kimya, wanasema amepona. Mbwa aliyekuwa akiwangurumia wageni anapigwa shoti kila akinguruma, na mwenye nyumba anafurahi kwa sababu hangurumi tena. Hofu yake kwa mgeni haijapungua hata chembe, imeongezeka. Kilichoondoka ni onyo. Mbwa wa hivyo huwa kimya mpaka mtoto wa jirani amkaribie, kisha anang'ata bila ishara, na kila mtu anashangaa. Kwa hivyo kola ya shoti isitumike hata mara moja kwa mbwa anayenguruma, anayeogopa, au aliyewahi kumng'ata mtu. Kola za kujiwasha zenyewe kuzuia kubweka nazo ziache. Nyingine huwashwa na sauti ya mbwa wa jirani, na wako anaadhibiwa akiwa amelala.

Mbwa anayekimbilia watu barabarani awe na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kadi iwe nyumbani. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, lisifungwe kwa kitambaa wala kupakwa dawa ya kienyeji, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, kadi iwepo isiwepo.