Kabla ya kuchagua programu ya kuzuia tovuti, jua unatorokea mlango upi

Mkuu, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, maana yule ni mimi wa miaka ya nyuma. Unaandika tasnifu, ukifungua kivinjari kutafuta rejea moja unajikuta YouTube saa nzima baadaye, umeshaweka viendelezi viwili (vile vijiprogramu vinavyokaa ndani ya kivinjari) vya kuzuia tovuti na vyote umeving'oa mwenyewe, sasa unatafuta programu "isiyochezeka". Wadau wamekumwagia majina. Nami nitayataja, ila si sasa hivi, kwa sababu nilipoteza karibu miaka miwili nikihama programu hii kwenda ile kama mpangaji mkorofi, kumbe tatizo nalibeba humohumo kwenye mizigo.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri nyaraka. Intaneti siwezi kuizima: kamusi ziko huko, barua pepe ziko huko, mafaili ya wateja yako huko. Wale wa "zima Wi-Fi uandike" nawaheshimu, lakini hawanisaidii, na nadhani hata wewe hawakusaidii.

Nilianza na LeechBlock kwenye Firefox. Ni kiendelezi cha bure. Unapanga tovuti kwa makundi, kila kundi na saa zake au dakika zake za siku. Siku tatu za kwanza nilijiona nimeokoka. Siku ya nne sentensi moja ya mkataba ikanigomea, nikafungua Chrome, ambayo wiki nzima sikuwa na haja nayo. Nikaweka kiendelezi huko pia. Kisha nikagundua dirisha la hali fiche (incognito): viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uingie kwenye mipangilio uviruhusu mwenyewe. Nakumbuka nilivyofurahi kugundua hilo. Mtu mzima, kazi ya kesho haijaguswa, anafurahia kujiibia! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

Hapo nikafanya jambo ambalo ningekuomba ulifanye kabla hujapakua chochote. Nilichukua karatasi nikaiweka pembeni ya kibodi, na kila nilipojikuta kwenye tovuti nisiyoikusudia niliandika mambo mawili: nimepitia wapi, na dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nafanya nini. Wiki moja tu. Nilitarajia kumkuta mkaidi anayevunja makufuli. Nilimkuta, lakini mara chache. Sehemu kubwa ya mistari ilikuwa ni mkono tu: kivinjari kimefunguka, kidole kimegonga herufi ya kwanza, kivinjari kimemalizia anwani chenyewe, nimeshaingia kabla akili haijafika. Kundi la pili, dogo, lilikuwa la nia: nimekwama, nimechoka, najua ninachofanya na nakifanya hivyohivyo. Kundi la tatu ndilo lililonishangaza: niliingia kwa sababu halali kabisa, kuangalia video moja ya kazi, nikabaki humo.

Ukiniuliza, kosa letu wengi ni kutafuta kufuli moja la makundi yote matatu. Tunanunua kufuli la nia ili kuuzuia mkono, linatubana kupita kiasi, tunaling'oa, halafu tunasema programu haifai.

Mkono unatosheka na kizuizi chepesi. LeechBlock ina uwezo ambao watu wanaupita bila kuuona: badala ya kufunga tovuti moja kwa moja, inakuwekea ukurasa unaohesabu sekunde ndipo tovuti ifunguke. Mimi niliweka 30. Kwa mtu mwenye nia, sekunde 30 si kitu. Kwa mkono ni nyingi mno, akili inapata muda wa kuwahi, na mara nyingi nafunga kichupo kabla hesabu haijaisha. Kingine nilifuta historia ya zile tovuti na kuzima ule utaratibu wa kivinjari kukumalizia anwani. Haikuhitaji programu yoyote, ni dakika mbili kwenye mipangilio.

Sababu halali ndiyo yenye hila kuliko zote, na nina hisia ndiyo inayokuangusha wewe. Ukifungia YouTube yote, siku mhadhara unaouhitaji uko YouTube utaifungua, na ukishaifungua hutaifunga tena. Sababu halali ni ufunguo malaya, hakuna kufuli inaloshindwa. Badala ya kuifungia tovuti, ondoa kile kinachokushika ukiwa ndani. Kuna kiendelezi kinaitwa Unhook, kinaficha mapendekezo ya pembeni na ya ukurasa wa mwanzo wa YouTube, unabaki na kisanduku cha kutafutia na ile video uliyoifuata. Video inaisha, hakuna inayokukonyeza. Wenye uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, wanaweza kuficha vipande vya ukurasa kwa namna hiyo kwenye tovuti nyingine nyingi: unachagua kipande, unakibofya, kinatoweka. Kwa tasnifu, ningeanzia hapa kabla ya kufuli lolote.

Sasa nia. Hapa kufuli lisikae ndani ya kivinjari, kwa sababu kiendelezi chochote unabofya alama yake mara mbili tatu kimeondoka, na vivinjari viko tele. Likae kwenye kompyuta yenyewe.

La bure kuliko yote ni faili la hosts, orodha ya majina ya tovuti ambayo kompyuta huitazama kwanza kabla ya kuifungua tovuti. Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc, kwenye Mac na Linux ni /etc/hosts. Unaandika 0.0.0.0, nafasi, halafu jina la tovuti, na kompyuta inaacha kuifikia kwa kivinjari chochote. Mara ya kwanza nilihangaika jioni nzima halifanyi kazi. Kumbe Notepad ililihifadhi kama hosts.txt, Windows wala haikulitazama. Nikalifungua upya kwa mamlaka ya msimamizi, nikalihifadhi sawasawa, likakubali, ila tovuti bado inafunguka: nilikuwa nimeandika jina lenye www peke yake. Faili hili halijui kukisia, kila umbo la jina unaliandika kwenye mstari wake. Nililipenda, nikajifunza mengi, halafu nikawa hodari wa kulifuta mstari kwa sekunde 20. Aliyejenga ukuta anajua tofali lipi linacheza.

Ndipo nikafika kwenye programu zenyewe. Kwenye Windows natumia Cold Turkey Blocker (ya Mac ipo pia). Toleo la bure linazuia tovuti na kujifunga kwa muda uliouweka. Ukitaka ratiba ya wiki au kuzuia na programu nyingine za kompyuta, kuna toleo la kulipia. Kitu nilichokipenda ni kwamba unachagua namna ya kufungua. Mojawapo inakutaka uchape mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Hutakatazwa kufungua, ila utachoshwa, na ukichoka unakumbuka ulikuwa unataka kuangalia kitu cha kijinga.

Kama una Mac, nenda moja kwa moja kwa SelfControl. Ni ya bure na ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua), unaweka orodha na muda, mpaka saa 24, na ukishabonyeza hakuna kurudi: kuwasha upya kompyuta hakusaidii, kuifuta programu hakusaidii. Kwa wanaotoroka kati ya kompyuta na simu kuna Freedom, ya kulipia kwa usajili, inafunga vifaa vyako vyote kwa pamoja. Na kuna Pluckeye, ambayo siitumii ila wazo lake nalistahi: kukaza unakaza papo hapo, kulegeza kunasubiri muda uliojiwekea mwenyewe. Hamu ya sasa hivi haina subira ya kungoja.

Kuzuia kwenye ruta sikupendekezi. Unawafungia na wenzako mnaoishi nao, na wewe unawasha data ya simu unaendelea.

Sasa mawili yaliyonipata, ili usiyarudie.

La kwanza, nilinogewa na kufuli nikageuza mpango: badala ya kuzuia tovuti chache, nikazuia intaneti yote na kuruhusu chache. Nikaruhusu tovuti ya nyaraka ninayofanyia kazi, nikafunga saa sita, nikajipongeza. Baada ya nusu saa tovuti ikaniomba niingie upya kwenye akaunti. Ukurasa wa kuingilia una anwani nyingine kabisa, ambayo sikuiruhusu. Kazi ya mteja iko mbele yangu kwenye skrini, siwezi kuigusa, na kufuli nimelifunga mwenyewe. Nilimpigia simu kumwomba radhi bila kumweleza sababu. Ungemwelezaje? Tangu hapo kufuli lolote jipya nalijaribu dakika 15 kwanza, nikiwa nimetoka kwenye akaunti zote kwa makusudi ili nione nini kitakwama. Katika jaribio hilohilo sogeza saa ya kompyuta mbele uone kama programu inadanganyika. Heri ujue mlango huo ukiwa na akili timamu kuliko kuugundua saa saba usiku.

La pili ni zito zaidi. Kuna programu moja ya bure, jina naliacha, niliiokota kwenye tovuti ya kupakulia vitu. Ilizuia kweli. Ilibadilisha pia ukurasa wangu wa kutafutia na kuanza kunimwagia matangazo, na kwa kuwa programu za aina hii hutengenezwa ziwe ngumu kuondoa, kuiondoa ilinigharimu siku. Ukiangalia vizuri, unachokifanya ni kumpa mgeni mamlaka ya juu kwenye kompyuta yako na kumwambia asikusikilize utakapomfukuza. Hata viendelezi vya kawaida huomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote; bila hivyo haviwezi kufanya kazi, na ndiyo maana unapaswa kujua kimetengenezwa na nani. Mimi napakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe tu, napenda programu huria inapopatikana, na kabla ya kuweka nasoma namna ya kuiondoa. Mtengenezaji asiyeeleza namna ya kuiondoa simgusi.

Leo nina tabaka mbili. Ile hesabu ya sekunde 30 iko siku nzima. Kufuli kali ni saa mbili asubuhi hadi saa tano tu, orodha yake ina tovuti nne, na baada ya hapo niko huru kupoteza muda wangu nitakavyo. Nilipokuwa nafunga siku nzima nilikuwa navunja. Saa tatu nazivumilia. Akaunti ya kompyuta ninayofanyia kazi ni ya kawaida, nenosiri la msimamizi analo dada yangu. Si kwamba ananikatalia. Nikimwomba anauliza tu, "Unataka kufanya nini?" na mara nyingi nikisikia jibu langu mwenyewe likianza kutoka nasema basi, acha. Simu inakaa chumba kingine, kwa sababu nilipoifunga kompyuta mara ya kwanza mkono ulihamia huko siku hiyohiyo.

Turudi kwako. Umesema viendelezi uliving'oa, lakini hukusema uliving'oa ukiwa katika hali gani. Kama ulikuwa unahitaji rejea au video na kikakuzuia, usikimbilie programu kali: weka Unhook, punguza orodha ibaki na zile tovuti mbili tatu zinazokumeza kweli, uone wiki mbili. Kama uliving'oa umechoka na unajua unachofanya, basi ni Cold Turkey au SelfControl, dakika 45 kwa kuanzia, usijaribu ushujaa wa saa nane. Maktaba za mtandaoni na tovuti za majarida usiziguse hata kama nazo zinakupotezea muda, maana ndizo zitakazokupa kisingizio cha kuvunja.

Na mfumo wa kompyuta yako hukuutaja. Kama ni Linux niambie, huko SelfControl na Cold Turkey hazipo na mpango wake nitakuandikia tofauti: faili la hosts, akaunti isiyo na mamlaka, na mtu wa kumpa nenosiri. Karatasi ya wiki moja ianze leo, na ukija na majibu yake uyabandike hapahapa.