Mchoshe mgonjwa kabla ya kuandika "nguvu kamili"

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodini, nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpokea mama aliyelalamika kwamba kope zinashuka na kutafuna kunamchosha. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilimwambia asukume mkono wangu, akasukuma vizuri, nikaandika nguvu kamili. Jioni nesi akaniita: kope ya kulia imefunika nusu ya jicho, na maji anayokunywa yanatokea puani.

Sikuwa nimeelewa makutano ya neva na msuli. Neva haigusi msuli; kati yao kuna upenyo wa takriban nanomita 50. Umeme ukifika mwisho wa neva, kalsiamu huingia, na vifuko vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwa msuli, humwaga shehena yake upenyoni. Vipokezi vya msuli huidaka, msuli hujikunja, kisha kimeng'enya huivunja mara moja. Neva inaporudiarudia kupiga, kinachomwagwa hupungua kidogo kidogo. Mtu mwenye afya haoni tofauti kwa sababu ana akiba kubwa. Yule mama kingamwili zake zilikuwa zimeshambulia vipokezi, akiba haipo. Ugonjwa huo ndio miasthenia gravisi, na baada ya usingizi humwonyesha mgonjwa kama mzima.

Kwa hiyo mchoshe. Mwambie atazame dari dakika nzima huku wewe ukiangalia kope. Ahesabu kwa sauti hadi 50, usikilize kama sauti inaingia puani. Wapo wachache ambao msuli hupata nguvu ukitumika kidogo: hao tatizo liko upande wa neva, kalsiamu haiingii vya kutosha, na hapo utafute saratani ya mapafu.

Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko London, aliona dalili za miasthenia zinafanana na za kurare, sumu inayolegeza misuli, akajaribu dawa inayozuia kile kimeng'enya, mgonjwa akapata nguvu. Pairidostigmini tunayotoa leo hufanya kazi hiyohiyo. Na viuatilifu vingi vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo wakulima wetu hunyunyizia mboga, hukizuia kimeng'enya hichohicho, ila kupita kiasi: asetilikolini hujaa, msuli unachezacheza, mwisho unalegea.

Hapa ndipo naomba muwe makini kuliko pengine pote. Atropini, dawa tunayompa aliyepata sumu ya viuatilifu hivyo, hukausha mate na makohozi, mapafu yakasikika safi, na daktari mgeni akapumua. Lakini atropini haizibi vipokezi vya msuli. Kati ya siku ya kwanza na ya nne mgonjwa anaweza kulegea upya. Kila unapopita, mwambie anyanyue kichwa kwenye mto. Asipoweza, usiondoke kitandani pake.

Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, na magnesia ya sindano huzidi kulegeza makutano haya. Kabla ya kumwandikia mwenye miasthenia dawa mpya yoyote, uliza.

Kuhusu pumzi, usitegemee kipimo cha oksijeni cha kidoleni, maana hushuka mwishoni kabisa. Mwambie avute pumzi moja na ahesabu mpaka iishe. Andika namba hiyo kwenye faili kila saa. Ikitoka 30 ikafika 15, mpigie mtaalamu wa dawa za usingizi hapohapo, hata kama kidole kinasoma 97.