Dada wa Muheza, mrudishie mtoto mayai yake: protini aliyoitaja daktari si ya chakula

Dada, nimekusoma. Mwanao wa miaka 6 amevimba taya, kinyama kimepimwa, jibu ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ziitwazo seli B. Daktari akakwambia kuna protini inayodumu kupita muda wake, na tangu siku hiyo mama mkwe amepiga marufuku mayai, dagaa na maharage. Nakuomba leo hii hii mtoto ale. Mpwa wangu aliugua ugonjwa huohuo tukiwa hapa Pongwe, na sisi pia tulimnyima maziwa wiki nzima kwa kutoelewa.

Protini ya yai husagwa tumboni ikawa chembe ndogo kabla ya kuingia kwenye damu. Aliyoitaja daktari inaitwa MYC, na seli inaitengeneza yenyewe, mtoto ale asile.

Marehemu baba alifanya kazi kwenye mkonge, kwa hiyo nitakueleza kwa mkonge. Jani haliendi lenyewe korona, yaani mashine ya kuchana mkonge. Linakatwa, linafungwa mzigo, linapakiwa, ndipo korona inalichana. Ndani ya seli, protini iliyomaliza kazi hubandikwa vialama viitwavyo yubikwitini, kisha huingizwa kwenye proteasomu, nayo huikatakata. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua njia hii.

Seli B, zile zinazokuja kutengeneza kingamwili, zinaitegemea sana. Zikiwa kwenye tezi, zinabadilisha jeni zake za kingamwili makusudi ili zilenge kijidudu barabara, huku zikigawanyika kwa kasi. Protini iitwayo BCL6 huzima kengele ambazo kwa kawaida zingeisimamisha seli yenye jeni zilizoharibika. Ni kazi ya hatari, na inavumilika kwa kuwa baadaye BCL6 hufungwa mzigo na kuondolewa. Mmoja wa wafungaji ni FBXO11. Kwenye baadhi ya limfoma za seli B kubwa ameharibika, BCL6 inabaki.

Sasa MYC. Hii ndiyo amri ya kugawanyika, na kwenye seli yenye afya nusu yake hutoweka ndani ya kama nusu saa. Kwenye Burkitt, jeni yake imehama kutoka kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), mara nyingi ikaangukia ya 14, jirani na jeni ya kingamwili ambayo kwenye seli B haizimwi. Juu ya hapo, kwa baadhi ya wagonjwa, pale mfungaji FBXW7 anapoishikia MYC pamebadilika. Inatengenezwa bila kupumzika, na haiondolewi kwa wakati.

Ndiyo maana uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Sisi Jumatatu tulidhani ni jino. Zahanati moja ikatupa amoksilini, ikatuambia tusubiri kung'oa. Ijumaa jicho lilikuwa linasukumwa nje. Bado inaniuma. Kama umepangiwa tarehe ya mbali, rudi kesho asubuhi, sema taya linakua kila siku, omba rufaa ya haraka.

Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoiponza. Dawa za saratani kama saiklofosfamaidi huziua zaidi seli zinazogawanyika. Baada ya dripu ya kwanza uso wa mpwa wangu ulishuka ndani ya siku chache, mama yake akalia wodini. Leo yuko kidato cha pili.

Mtu akikushauri ununue dawa ya bortezomibu kwa kuwa "inahusu protini", kataa. Hiyo huzima proteasomu yenyewe. Imeidhinishwa kwa saratani nyingine za damu, mailoma na limfoma ya mantle, si kwa ugonjwa wa mwanao.

Dawa zinaweza kumtoa vidonda mdomoni, na hapo ndipo kula kutakuwa kugumu kweli. Wetu alimudu uji wa karanga uliopoa, na samaki changu aliyechambuliwa miiba akapondwa kwenye tui, bila ndimu wala pilipili. Mwambie mama mkwe amwandalie huyo changu.