Ushabiki wangu wa Simba, tangu redio ya mjomba hadi leo

Ndugu yetu aliyeuliza ameeleza kwamba ana miaka 41, kwamba zamani Simba ikifungwa alikuwa hali wala halali, na kwamba siku hizi mechi ikiisha huzima televisheni akaenda kulala kama kawaida. Anataka kujua kama ni umri tu au mapenzi yenyewe yamekwisha. Karibu wote waliotangulia kumjibu wamesema ni umri. Naomba kutofautiana nao kwa heshima, kwa sababu tarehe 25 Mei 2025, siku ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, nilikuwa na miaka 45 na chakula cha usiku hakikupita kooni. Tulikuwa tumefungwa 2–0 kule Morocco, Joshua Mutale akatufungia mapema, tukaona mlango umefunguka, kisha mechi ikaisha 1–1. Umri haukunisaidia chochote. Ninachokiona nikitazama nyuma ni kwamba ushabiki wangu umebadilika mara kadhaa, na kila mara aliyeubadilisha ni mtu niliyekuwa nikiifuatilia mechi pamoja naye.

Nilizaliwa Kilosa. Baba ni Yanga wa tangu zamani, lakini alikuwa mtumishi wa reli na mara nyingi siku za mechi zilimkuta safarini, kwa hiyo aliyenilea kimpira ni mjomba, na mjomba alikuwa Simba. Betri za redio yake zilipochoka aliziondoa, akazianika juu ya bati la banda la kuku, akazirudisha mechi ikikaribia, nami kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku wasizidondoshe. Bara hapakuwa na televisheni wakati huo. Niliipenda Simba kwa masikio kabla sijamwona mchezaji wake hata mmoja, na mjomba alizijaza nafasi ambazo mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliziacha: alinisimulia ushindi wa 6–0 dhidi ya Yanga wa mwaka 1977, na mabao matatu ya Abdallah Kibadeni siku hiyo, mpaka nikajiona kama niliyekuwepo.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Tulitoka sare ya 0–0 na Stella kule Abidjan, na kila mtu aliamini kwamba kombe lilikuwa limeshafika nyumbani. Kwenye Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru leo, tukafungwa 2–0. Mjomba alizima redio, akatoa betri moja moja, akazifunga kwenye kipande cha gazeti na kukaa kimya mpaka giza likaingia, nami nikakaa naye. Sikuwa nikililia kombe, kwa kuwa mtoto wa miaka 13 hajui uzito wa kombe la Afrika. Nilikuwa nikimlilia mjomba.

Nilipohamia Dar es Salaam niliingia kwenye kundi la vijana tuliopanga nyumba moja, na hapo ushabiki ukawa wa kelele na ubishi. Mwaka 2003, Juma Kaseja alipopangua penalti kule Cairo na Simba ikawavua Zamalek ubingwa wa Afrika, tulitembea barabarani mpaka alfajiri. Ni usiku mzuri ambao sitausahau, ingawa katika miaka hiyo hiyo nilijifunza jambo baya pia, yaani kufurahia maumivu ya Yanga kuliko nilivyofurahia ushindi wetu wenyewe.

Tarehe 6 Mei 2012 tuliwafunga Yanga 5–0. Usiku ule nilimpigia simu baba mara tano. Mara ya kwanza nilisema, “Moja,” nikakata. Mara ya pili, “Mbili.” Vijana waliokuwa pembeni yangu walivunjika mbavu, na ndiyo maana niliendelea. Mara ya tano alipokea mama, akaniambia kwa sauti ya chini, “Baba yako amelala, mwanangu, mwache.” Kwa miezi mingi baada ya hapo baba alinisalimia vizuri, aliulizia wajukuu, aliulizia kazi, lakini neno mpira halikutoka kinywani mwake. Tunaziita Simba na Yanga watani wa jadi, na utani wa kweli, kama nilivyoukuta kwa wazee wetu, una adabu yake: mtani hukuchekesha msibani, lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Mimi nilichukua kicheko, jembe nikaliacha.

Mwaka 2023 presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya baba sehemu kubwa ya kuona kwake, akaja kukaa kwangu ili aweze kuhudhuria kliniki. Yanga ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Tarehe 28 Mei aliketi mbele ya televisheni asiyoweza kuiona, akaniomba nimsomee mchezo, kwa sababu, alisema, watangazaji wa televisheni wanaongea kama watu wanaodhani kila mtu anaona.

Kumsimulia mtu mechi ya timu usiyoipenda ni kazi inayokulazimisha kuijua. Ilinibidi nimweleze kiungo wao amesimama wapi, Aziz Ki ameupokea mpira kwa mguu gani, Mayele amejificha nyuma ya beki yupi, na nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa nikiyajua majina hayo kama majina ya kutukana tu, bila kuutazama mpira wao. Kipindi cha kwanza nilikuwa nikisema “wanashambulia,” “wamepata kona.” Mayele aliposawazisha dakika za mwisho mwisho nikapaza sauti, “Tumerudisha!” Baba akanigeuzia uso. “Umesemaje?” Sikujibu, na hakuuliza tena. Waarabu wakaongeza la pili, tukafungwa 2–1. Juni 3, kule Algiers, Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema na Yanga ikashinda 1–0, jumla ikawa 2–2, na kombe likaenda kwa wenyeji kwa faida ya bao la ugenini, kwa kuwa wao walifunga mawili kwetu na sisi moja tu kwao. “Kwa hiyo tumeshinda, na kombe wamebeba wao?” baba aliuliza, na nilimweleza sheria hiyo mara mbili huku nikiichukia kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujajihukumu kwamba mapenzi yamekwisha, jiulize kwanza unaangalia mechi na nani. Umeandika kwamba uliokuwa ukikaa nao kijiweni wametawanyika na kwamba sasa unaangalia peke yako sebuleni. Mimi nisingeshangaa kulala vizuri katika hali hiyo.

Novemba 5 mwaka huo huo Simba na Yanga zilikutana, na baba alikuwa bado kwangu. Nilimsimulia mechi nzima bila kumficha lolote: bao la mapema la Yanga, Kibu Denis akisawazisha, 1–1 hadi mapumziko, kisha kipindi cha pili mvua ya mabao, Maxi Nzengeli akifunga mawili. Mechi ilipoisha 5–1 nikanyamaza, nikisubiri maneno ambayo nilistahili kuyasikia tangu 2012. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata goti langu, akaligonga kwa kidole taratibu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne, kisha akasita, kidole kikiwa hewani, uso wake wote ukitabasamu, kabla ya kugonga mara ya tano. Nilicheka kwa sauti kubwa hivi kwamba mke wangu alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akauliza Simba imefunga bao gani.