Sefu ya nyumbani: uliza boliti kabla ya bei

Dada, umeuliza ununue sefu gani ya kuwekea hati ya kiwanja na dhahabu za mama hapo Ntinda. Sefu ya kilo 15 isiyofungwa sakafuni inamrahisishia mwizi kazi: ataipakia nzima kwenye boda aende kuipasulia kwao. Chagua yenye matundu ya boliti kwa ndani, fundi aikaze kwenye zege. Hati ni karatasi, moto ukiwaka bati tupu haliikingi. Tafuta iliyopimwa kustahimili moto dakika 60. Kufuli la namba la kielektroniki hutumia betri, nayo ikiisha utahitaji ufunguo wa dharura, basi usiufungie humo humo. Jirani yangu aliufungia humo! Tulicheka, kisha tukamwita fundi. Msimu wa mvua tia vifuko vya kunyonya unyevu.